Barabara Nzuri Ndiyo Iliyokatazwa

Madhumuni ya barua hii kwa wakazi wa Songea ni kueleza kile chombo kidogo kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele cha lori huko Marekani, kazi yake, tabia zake na mipaka yake, kwa kuwa maswali yanayotoka nyumbani kuhusu chombo hicho yamezidi maswali kuhusu afya ya dereva mwenyewe. Wanaouliza wanakubaliana katika jambo moja, kwamba nchi yenye lami hadi mlangoni kwa mtu haina sababu ya kumpa dereva mashine ya kumwonesha njia, na kwamba mashine hiyo basi ni anasa, au ni ushahidi kuwa vijana waliokwenda ughaibuni wameona haya kuuliza. Dhana hiyo inaeleweka, lakini ni potofu, na upotofu wake unatokana na namna barabara za Ruvuma zilivyowalea watu.

Katika mkoa wa Ruvuma barabara humkataa dereva kwa umbile lake yenyewe, bila kuhitaji kibao wala askari. Kabla lami haijafika Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay, na kabla njia ya Namtumbo na Tunduru haijakamilika, masika ndiyo yaliyokuwa sheria ya barabara, na lori lililokaidi sheria hiyo lililala njiani siku kadhaa huku utingo akisonga ugali chini ya trela na dereva akihesabu sigara zilizobaki. Hata leo, anayepita kona za Lukumburu kati ya Songea na Njombe hahitaji kuambiwa apunguze gia, kwa kuwa mlima wenyewe humwambia, na pale ambapo gari limeharibika mbele, matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani hutoa taarifa mapema kwa maandishi ambayo hakuna dereva asiyeyasoma. Matokeo ya malezi hayo ni kanuni ambayo mtoto wa Songea huijua bila kufundishwa: barabara mbaya huogopwa, barabara nzuri hukanyagiwa mafuta.

Dereva anayefika Marekani na kanuni hiyo kichwani huanza kupata matatizo mapema, kwa sababu huko mambo ni kichwa chini miguu juu. Barabara nzuri kuliko zote, yenye lami laini, miti pande zote mbili na nyasi zilizokatwa usawa mmoja, mara nyingi ndiyo iliyopigwa marufuku kwa malori, ilhali ile iliyochakaa, yenye viraka, inayozunguka nyuma ya maghala na madampo ya taka, ndiyo njia halali ya mwenye trela. Barabara hizo za kupendeza, ambazo zinaweza kuitwa barabara za bustani kwa kuwa zilibuniwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ili wenye magari madogo waburudike kwa kuendesha, zimejaa katika majimbo ya New York na Connecticut. Barabara ya Merritt, iliyofunguliwa kwa vipande kati ya 1938 na 1940, ni mfano wa kutosha: madaraja yanayopita juu yake yalichorwa na msanifu mmoja, George Dunkelberger, aliyehakikisha kwamba kila daraja lina nakshi yake, na gari lolote lenye kimo kinachozidi futi 8, yaani takriban mita 2.4, haliruhusiwi kuingia. Fuso la mahindi kutoka Namtumbo lingezuiwa hapo kabla halijapakiwa hata gunia moja.

Kuhusu madaraja mafupi ya Long Island, mashariki ya jiji la New York, mwandishi Robert Caro alidai katika kitabu chake cha mwaka 1974 kwamba Robert Moses, bwana mkubwa wa ujenzi wa barabara hizo, aliyafupisha makusudi ili mabasi yaliyobeba maskini na watu weusi yasifike kwenye fukwe za bahari. Wanahistoria wengine wamelipinga dai hilo kwa hoja kwamba mabasi na malori yalikuwa yamekwisha kukatazwa na kanuni, hivyo hapakuwa na haja ya kuyazuia mara ya pili kwa mawe. Mjadala huo haujaisha, na ingawa haumsaidii dereva aliyekwama chini ya daraja, walau unampa jambo la kutafakari wakati anasubiri polisi.

Chombo kinachozungumziwa kinategemea GPS, yaani mfumo wa setilaiti za serikali ya Marekani zinazoizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200, ambazo kila moja hutangaza bila kukoma saa kamili na mahali ilipo. Chombo kikipokea matangazo ya setilaiti zisizopungua nne, hupima muda ambao kila tangazo limetumia njiani, kisha hupiga hesabu na kujua kilipo chenyewe. Mfumo huo ulitangazwa kukamilika mwaka 1995, na hadi mwanzoni mwa Mei 2000 raia walipewa matangazo yaliyovurugwa kidogo kwa makusudi, ili usahihi kamili ubaki mikononi mwa wanajeshi. La kuzingatia hapa ni kwamba setilaiti hazijui lolote kuhusu barabara: hazilioni lori, hazilioni daraja, wala hazijui kama dereva ametoka Songea au Sumbawanga. Wazee walioandika kuonya kwamba dereva asichimbe dawa porini kwa sababu Wamarekani wanamwona kutoka juu wanaombwa watulie. Ipo sheria inayokataza jambo hilo, lakini setilaiti haina habari nalo. Kinachojulikana kwa njia ya angani ni nukta tu juu ya uso wa dunia, na maarifa mengine yote yamo ndani ya ramani iliyohifadhiwa katika chombo, ambayo imetengenezwa na binadamu na ina kasoro zote za binadamu.

Ramani ya kawaida ya simu huchukulia kwamba anayeuliza njia amekaa katika gari dogo lenye kimo cha mtu mzima wa wastani, na kwa hiyo hutafuta njia ya haraka bila kujali kilicho juu ya kichwa chake. Chombo cha lori, cha aina inayouzwa na kampuni kama Garmin na Rand McNally kwa mamia ya dola, huanza kwa kuhoji kama karani wa mizani wa Makambako aliyeamka vibaya: kimo cha lori ni kiasi gani, urefu wake, upana wake, uzito wake pamoja na mzigo, ekseli ni ngapi, na je, kuna mzigo wa hatari kama petroli, gesi au baruti. Kikishajibiwa, hupitia kila kipande cha barabara katika ramani yake na kukilinganisha na majibu hayo, kikiondoa vipande vyenye daraja fupi, vyenye daraja dhaifu, vyenye mahandaki yasiyopokea gesi, na vile ambavyo halmashauri ya mji imeamua tu kwamba haitaki kusikia breki za malori usiku. Zipo pia barabara zinazokataza lori kupita lakini zinaliruhusu kufikisha mzigo, jambo linalomlazimu dereva kuingia kihalali mahali ambapo angepita tu angekuwa mkosaji. Upande wa pili wa mizani ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1982, iliyoainisha mtandao wa barabara kuu ambazo majimbo hayawezi kuyafungia malori makubwa, na ni mtandao huo ambao chombo hukimbilia kila kinapopata nafasi, hata kama kwa kufanya hivyo safari inarefuka.

Neno la kukazia hapa ni kwamba chombo huamini kila kinachoambiwa. Dereva akikidanganya kwamba lori lake lina kimo cha mita 3, kitampitisha bila kinyongo chini ya daraja la mita 3.2, na baadaye hakitatoa ushahidi upande wake.

Sauti ya chombo kwa kawaida ni ya kike, ingawa inaweza kubadilishwa, na suala hilo limeleta mjadala katika familia moja ya Matarawe. Bibi mmoja, aliyeisikia sauti hiyo kupitia simu ya video, alitaka kujua huyo ni binti wa nani, kwa nini yumo safarini usiku na mwanaume asiye ndugu yake, na kama mke wa dereva ana taarifa. Maelezo kwamba sauti hiyo haina mwili hayakumridhisha hata kidogo, kwa kuwa kwa maoni yake sauti isiyo na mwili ni jambo zito kuliko binti mwenye mwili, lakini alikubali kusifu tabia moja: dereva akiipita kona aliyoagizwa kukata, sauti hunyamaza kidogo, hupiga hesabu upya, kisha hutoa agizo jingine kwa utulivu uleule, bila kununa na bila kukumbushia. Bibi alisema kwamba katika maisha yake yote ya ndoa hajakutana na tabia hiyo kwa mwanadamu, na akaagiza mjukuu asimwache.

Somo la kimo linaeleweka vizuri zaidi katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, ambako daraja la reli lililojengwa mwaka 1940 linavuka barabara ya Gregson kwa kimo kilichofahamika kwa miaka mingi kuwa futi 11 na inchi 8, yaani mita 3.56. Lori la kawaida la Marekani lenye trela la boksi lina kimo cha futi 13 na inchi 6, sawa na mita 4.11. Tofauti hiyo ya zaidi ya nusu mita imezaa tamasha la kudumu. Mwaka 2008 mtu aliyekuwa akifanya kazi jirani, Jürgen Henn, alitega kamera na kuanza kurekodi, na tangu hapo dunia nzima imeshuhudia malori yakifika pale kwa mwendo wa kujiamini na kuvuliwa paa kuanzia mbele kwenda nyuma, bati likijikunja polepole huku kichwa cha lori kikiendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Wamiliki wa reli, ambao shida yao ni treni wala si malori, walifunga boriti nene ya chuma mbele ya daraja ili hiyo ndiyo igongwe. Serikali ya mji nayo ilileta vibao, kisha taa za kumetameta, na hatimaye mwaka 2016 ikaweka kitambuzi ambacho kikiona gari refu huwasha taa nyekundu na kibao kinachomwamuru dereva akunje kona. Matokeo yalikuwa ya kuhuzunisha kitaaluma, kwa sababu madereva kadhaa walisubiri taa iwe kijani kwa utii mkubwa, kisha wakaenda kuligonga.

Oktoba 2019 reli iliinuliwa kwa inchi 8, daraja likawa na futi 12 na inchi 4, na bado lori la futi 13 na inchi 6 halipiti. Uadilifu unadai isemwe kwamba wengi wa wanaogonga pale si madereva wa kazi bali ni watu wa kawaida waliokodi lori kuhamisha makochi yao, wakiongozwa na simu inayoamini kwamba wamo kwenye gari dogo. Jambo hilohilo hutokea Boston kila inapofika tarehe 1 Septemba, siku ambayo mikataba mingi ya nyumba za kupanga huanza na wanafunzi huhama kwa pamoja, ambapo barabara ya Storrow, inayoambaa na mto na kukatazwa kwa malori, hupokea malori ya kukodi na kuyabakiza chini ya madaraja yake pamoja na magodoro.

Futi na inchi zenyewe ni mtihani wa pekee kwa mtu aliyesomeshwa mita. Futi moja ina inchi 12 wala si 10, na kwa hiyo futi 13 na inchi 6 si sawa na futi 13.6; anayeandika hivyo kwenye chombo amejiongezea zaidi ya inchi moja bila kujua, na ingawa kosa hilo linamwelekeza kwenye usalama, kosa la upande wa pili lingempeleka kwenye kamera za Durham. Vibao vya barabarani navyo hutegemea sana maneno ya Kiingereza, na tangu Juni 2025 dereva wa lori anayeshindwa kuvisoma na kujieleza kwa lugha hiyo anaweza kusimamishwa na askari palepale, hivyo walimu wa Songea waliokuwa wakichapa watu kwa sababu ya sarufi wanaweza sasa kudai shukrani zao.

Kwa nini madaraja hayo yawepo, ilhali nchi ina fedha? Sababu ya msingi ni reli. Katika miji ya mashariki ya Marekani reli ilitangulia na lori likafuata, hivyo mengi ya madaraja mafupi ni ya treni, na kuyainua kunahitaji kuinua njia nzima ya treni mbele na nyuma yake. Mwana wa Songea hana mazoea na jambo hili kwa sababu nzuri kabisa: Songea haina reli. Ile reli ya Kusini iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili iliishia Nachingwea na baadaye ikang'olewa, na dereva anayetoka Songea hakutani na njia ya treni mpaka afike Makambako, ambako TAZARA inapita. Kukosa reli, ambako kwa miaka mingi kumeombolezwa na wabunge wa kusini, kumewaepusha wakazi wa Ruvuma na aina nzima ya ajali, ingawa hakuna mbunge ambaye amewahi kulisema hilo jukwaani.

Katika suala la uzito, habari ni njema kwa upande wa nyumbani na inafaa isambazwe vijiweni. Lori la Marekani kwenye barabara kuu za shirikisho haliruhusiwi kuzidi paundi 80,000 bila kibali maalumu, yaani takriban tani 36 pamoja na lori lenyewe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu tani 56 kwa lori lenye ekseli 7. Kwa maneno mengine, lori la makaa ya mawe ya Ngaka linalokatiza Songea kuelekea bandari ya Mtwara linaweza kuwa halali kwenye mizani na bado likalizidi lile la Marekani kwa uzito wa tembo watatu wakubwa. Wakazi wanaolalamikia vumbi na mtikisiko wa malori hayo sasa wanajua kwamba wanatikiswa na kitu ambacho Marekani yenyewe isingekiruhusu kwenye barabara zake kuu bila kibali maalumu.

Tani nayo ina mtego wake, kwa sababu ya Marekani ina paundi 2,000, sawa na kilo 907, wakati ya Songea ina kilo 1,000 kamili. Siku ya Krismasi mwaka 2015, katika mji mdogo wa Paoli, jimbo la Indiana, dereva aliliingiza lori lenye trela la futi 53, likiwa na zaidi ya paundi 40,000 za maji ya chupa, juu ya daraja la chuma lililojengwa mwaka 1880 na lililowekewa kikomo cha tani 6. Daraja lilianguka, dereva akanusurika, na maelezo aliyowapa polisi yalikuwa kwamba alikiona kibao, ila hakujua tani 6 ni paundi ngapi. Mwanafunzi wa darasa la tano wa shule yoyote ya Songea angepewa swali hilo na kuchapwa kwa kulikosa, lakini haki itendeke: dereva huyo alisema pia kwamba hakuwa na uhakika wa kurudi nyuma, na hapo ndipo penye kiini cha matatizo yote ya lori mahali pasiporuhusiwa.

Kurudi nyuma ndilo jambo linalomtenganisha dereva wa Marekani na yule wa nyumbani, kwa sababu dereva wa nyumbani ana utingo. Utingo hushuka kabla gari halijasimama sawasawa, huweka jiwe kwenye gurudumu, huzuia bodaboda kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huita "njoo, njoo, njoo, kata kulia, njoo", mpaka pale anapogonga bodi mara mbili kumaanisha imetosha. Utingo pia hubishana na trafiki, hununua mahindi ya kuchoma, na hujua kwamba daraja la mbele limebomoka kwa sababu amesikia kutoka kwa utingo mwenzake. Lori la Marekani halina mtu huyo. Dereva yu peke yake na futi 53 za trela, na akigundua kwamba kibao kilicho mbele kinamkataza, hana budi kuwasha taa za dharura, kushuka, kuangalia nyuma, kupanda, kurudi nyuma kidogo, kushuka tena, huku foleni ya magari madogo ikipiga honi na mtu mmoja akimrekodi kwa simu. Chombo cha kioo cha mbele kinaweza kuhesabiwa kuwa jaribio la kumtengeneza utingo kwa plastiki, na tathmini ya haki ni kwamba watengenezaji wamefanikiwa kuitengeneza midomo yake lakini bado hawajaweza kumtengenezea miguu ya kushukia.

Kupotea huko pia hakugharimu mafuta tu. Sheria ya saa za kazi inamruhusu dereva kuendesha saa 11 tu, zote zikiwa ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi, kisha apumzike saa 10, na tangu Desemba 2017 saa hizo huandikwa na kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini, ambacho hakihongeki na hakina shangazi Mfaranyaki wa kumwombea. Dereva aliyetumia saa mbili kujitoa katika barabara ya bustani amezipoteza kabisa, na huenda akalala kilomita chache kabla ya ghala analolitazama kwa macho.

Ramani yenyewe huzeeka, na huzeeka kwa namna ambazo hazionekani. Barabara ikitandikwa tabaka jipya la lami chini ya daraja bila ya la zamani kukwanguliwa, kimo hupungua kwa inchi kadhaa, na theluji iliyoshindiliwa ikawa barafu hufanya vivyo hivyo kwa msimu mmoja. Lori tupu nalo hukaa juu kidogo kuliko lililopakiwa, kwa kuwa springi zimepumua, na ndiyo maana kuna kisa maarufu kwenye vituo vya malori cha dereva aliyepita salama chini ya daraja akiwa na mzigo, akaushusha, na wakati wa kurudi akanasa palepale alipopita asubuhi. Mabadiliko mengine si ya kuchekesha. Usiku wa tarehe 26 Machi 2024 meli iligonga daraja la Francis Scott Key huko Baltimore, likaanguka na kuua wafanyakazi sita waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara, na tangu alfajiri hiyo malori ya petroli na gesi, ambayo hayaruhusiwi katika mahandaki yanayopita chini ya bandari na kwa hiyo yalilitegemea daraja hilo, yamelazimika kuuzunguka mji upande wa magharibi. Kwa muda, kila chombo ambacho hakikuwa kimepakua ramani mpya kiliendelea kuagiza kwa sauti tulivu kwamba gari linyooke.

Inabaki swali la baba mdogo, ambaye kwa miaka mingi alipandisha Kitonga na semitrela akitoka Dar es Salaam kwenda Makambako, na ambaye haamini kwamba upo mlima wa Marekani unaoweza kumkatalia Mtanzania. Mlima huo upo, uko Vermont, na barabara namba 108 inayoukatiza kwenye pengo la Smugglers' Notch hunasa malori karibu kila kiangazi licha ya msururu wa vibao na faini nzito. Jina hilo limetokana na wafanyabiashara wa magendo waliopitisha bidhaa huko kwenda Kanada baada ya Marekani kuzuia biashara hiyo mwaka 1807, na walichagua mahali pazuri, kwa kuwa njia inajipenyeza kati ya miamba mikubwa kama nyumba kwa kona zilizobana kiasi kwamba trela refu haliwezi kujikunja. Tofauti na Kitonga, tatizo si mwinuko, na ujasiri wa dereva hauingii katika hesabu: mwamba ukishashika ubavu wa trela, aliyepandisha Kitonga miaka 20 na aliyepata leseni juzi hukaa pamoja kusubiri winchi. Wengi wao, wakihojiwa, husema kwamba walifuata ramani ya simu, na kwamba vibao waliviona ila walidhani vinawahusu wengine.

Kuhusu ombi la shemeji la kutumiwa chombo kimoja kwa ajili ya lori lake la makaa, jibu ni kwamba linaweza kutekelezwa lakini halishauriwi. Ramani iliyomo ni ya Amerika Kaskazini, na nje ya hapo chombo hubaki kikionesha nukta katikati ya uwanja mweupe, ambayo ni kweli kuhusu mahali lakini haina faida kwa mtu anayejua tayari kwamba yuko Namtumbo. Hata kikiwekewa ramani ya Tanzania, bado kitahitaji kuambiwa kimo cha kila daraja, kikomo cha kila karavati na mahali ilipo kila mizani, na pia wapi matawi yametandazwa leo asubuhi. Kwa sasa inapendekezwa shemeji aendelee na utingo aliyenaye na amlipe kwa wakati. Swali lake la pili, kwa nini Wamarekani humwaga chumvi barabarani kwa tani ilhali yeye huuziwa kwa pakiti, ni swali la msingi, na limewekewa nafasi katika barua ijayo.